Ua la Mwamba na Maji ya Singidani

Siku ua lilipochanika, waliokuwemo sebuleni walikuwa hawa. Abdulkadiri bin Mrisho, mwenye nyumba, muuza redio na vyombo vya umeme mjini Singida, baba yake Mmanyema na mama yake Mnyaturu wa Ilongero. Johari binti Abdulmajidi, mkewe, mzaliwa wa Tongoni, Tanga. Bi Sikudhani, jirani yao, Mnyaturu, mjane, aliyekuwa akija kila siku kumsaidia Johari kupika, na kumwonea huruma. Stefano, fundi redio, Mnyiramba wa Kinampanda, aliyeitwa kutazama pampu iliyokuwa ikikoroma.

Wa tano hakuwa mtu. Alikuwa kiumbe wa baharini, laini, wa rangi ya zambarau, aliyeshika jiwe kwa mguu mmoja na kupepea vidole vyake majini kama maua ya mbaazi kwenye upepo. Kwao Johari waliliita ua la mwamba. Liliishi ndani ya tangi la kioo lililotoka Dubai, katika miaka ile iliyofuata ruksa ya biashara, maduka ya bara yalipoanza kujaa vitu ambavyo zamani watu walivisikia tu.

Abdulkadiri hakuliweka tangi lile kwa ajili ya kujionyesha, ingawa mjini walisema hivyo. Hajira, mdogo wake Johari wa pekee, alizama mwambani Tongoni akiokota chaza. Ikaonekana kanga yake, mwenyewe hakuonekana. Tangu hapo Johari alikuwa akiomba nauli ya kwenda Tanga, akifika anakaa ufukweni anaita, akirudi amekonda zaidi ya alivyokwenda. Mwishowe Abdulkadiri akaagiza bahari ije kwake. Maji yakaja ndani ya madumu, kwa lori, na ua likabanduliwa kwenye mwamba uleule iliponaswa kanga.

Kwa muda wa mwaka mzima ua lile halikuhama kwenye jiwe lake. Asubuhi ile, Stefano alipokuwa akifungua vyombo vyake, Johari alitoka chumbani akalikuta limetambaa hadi upande wa pili wa tangi, nusu yake imevutwa ndani ya mdomo wa pampu.

"Zima!" alipiga kelele. "Stefano, zima!"

Stefano alizima. Johari alitia mkono majini, asijali jinsi vidole vya ua vilivyomwasha, akalitoa polepole. Upande mmoja ulikuwa umechanika hadi karibu na kinywa.

"Bwana Abdulkadiri," Stefano alisema akikunja nyaya, "wenzio Singida wanafuga kuku, wewe unafuga maji. Kuku akiumia unamchinja, unakula. Huyu sasa?"

"Funga pampu, na mdomo wako ufunge hapohapo," Bi Sikudhani alimkemea.

"Halijafa," Johari alisema. "Mguu bado unashika. Likiwa na mguu, lina roho."

Alilijua, maana alikua akicheza na maua kama hayo miambani. Aliondoa kwa kucha nyama iliyokufa, akaifunika taa ya tangi kwa kitambaa ili mwanga usilichome, akakataza lisilishwe mpaka kinywa kijifunge. Stefano aliuziba mdomo wa pampu kwa kipande cha sponji. Kilichobaki kilikuwa maji. Jeraha lilichafua maji, na maji machafu yalilirudisha jeraha nyuma. Nusu ya maji ilipaswa kutolewa na kutiwa mengine, safi, ya bahari.

Na hayo ndiyo yaliyokosekana. Ulikuwa mwaka wa mvua za El Nino. Reli ilikuwa imekatika, barabara zimegeuka mito, na lori la madumu lilikuwa limekwama upande wa Handeni, hakuna aliyejua litatoka lini. Tangi likaanza kunuka. Ua likajikunja likawa kama ngumi ya mtoto.

"Yatafika," Abdulkadiri alimwambia mkewe.

"Yakifika limeshaoza." Johari hakuwa amekula tangu jana yake. "Mume wangu, kwa Hajira sina kaburi. Nina hili tu. Likifa hili, mimi nitakaa wapi?"

Neno lile ndilo lililomtoa Abdulkadiri nyumbani. Alipakia madumu matupu kwenye pikapu, akashuka hadi ziwa Singidani, lililo mwendo mfupi tu kutoka dukani kwake. Ziwa la chumvi. Alijiambia kwamba chumvi ni chumvi, na mtu wa bara yeyote angejiambia vivyo hivyo.

Lakini kulikuwa na jambo alilolijua tangu utotoni. Kwa kina mama yake, mtu akichota maji ya ziwa huyaambia kwa sauti anayapeleka wapi, na huko aendako huyataja kwa jina lao. Maji hayaibwi, na hayabadilishwi jina, kwa sababu yana mwenyewe, na mwenyewe hufuata. Abdulkadiri alitazama huku na huku. Palikuwa na vijana wakiosha baiskeli, na yeye alikuwa amevaa suruali ya kupigwa pasi. Akaona haya kuongea na maji. Alichota kimya. Alipoliinua dumu la mwisho, heroe, wale ndege wa waridi wa miguu mirefu, waliokuwa wamejaa kwenye kina kifupi waliinua vichwa vyao wote kwa pamoja, wakamtazama.

"Yamefika?" Johari aliuliza mlangoni.

"Yamefika. Ya kwenu haya, ya Tanga."

Johari alichovya kidole, akakiweka ulimini. Akakifuta kidole kwenye kanga yake.

"Ahsante, mume wangu," alisema.

Ua likapona. Yeyote anayewajua viumbe wale angesema haiwezekani, lakini lilipona. Mpasuko ukajifunga, kinywa kikakaza, vidole vipya vikaota virefu kuliko vya zamani. Rangi tu ndiyo haikurudi. Lilikuwa jeupe, weupe wa magadi yanayobaki ukingoni jua likiyanywa maji.

Ikaja harufu. Sebule ikanuka tope la ziwa na mavi ya ndege, hata ubani ukifukizwa. Sakafu ikawa na unyevu usiokauka. Halafu ikaja sauti, ndogo, ya mguu unaotiwa majini na kutolewa, unatiwa na kutolewa, kama mtu anayevuka mahali pa kina kifupi, nalo tangi lenyewe halikuzidi sanduku la nguo kwa ukubwa.

Johari alikuwa na desturi ya kulilisha ua saa ya magharibi. Alilikatia vipande vya samaki mbichi, akaliinamia, akasema, "Hajira, kula mdogo wangu." Kwao Tongoni hata mtoto mdogo anajua kwamba magharibi mtu haitwi jina juu ya maji, maana huwezi kujua ni nani atakayeitika. Johari alilijua hilo. Aliita.

Jioni moja Abdulkadiri alirudi kutoka msikitini, akasimama kizingitini na viatu mkononi, kwa sababu aliisikia ile miguu ikivuka maji, safari hii si polepole bali kwa haraka, ikija, na juu ya mlio wa miguu akasikia sauti ya mtu, nyembamba, yenye povu, ikitoka pale kwenye kioo ambapo mkewe alikuwa ameinamisha uso hadi nywele zake zimegusa maji, na sauti ile ilikuwa ikisema maneno ambayo aliyaelewa moja baada ya jingine, kwa kuwa ilikuwa ikisema Kinyaturu, lugha ya mama yake, ambayo Hajira wa Tongoni hakuwahi kuisikia katika maisha yake yote.

Ilisema: Nani amenitoa kwangu? Mbona mnaniita jina lisilo langu?

Johari aligeuka. Alikuwa akitabasamu, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba.

"Umesikia?" alinong'ona. "Anaongea. Simwelewi, maji yamemjaa kinywani."

"Sijasikia kitu," Abdulkadiri alisema.

Huo ukawa uongo wa pili, nao ulimlemea kuliko wa kwanza. Kadiri ua lilivyonenepa, Johari alipungua. Ngozi yake ilipauka ikawa na unga mweupe kwenye viwiko na kwenye nyusi. Alikunywa maji kutwa na kiu haikumtoka. Mikono yake ilikuwa baridi hata akiwa jikoni mbele ya moto.

Siku Bi Sikudhani alipoisikia sauti ile, aliangusha sinia la mchele.

"Mwanangu Abdulkadiri," alisema wakiwa uani, ameushika ukuta. "Huyo mle ndani anasema lugha ya kwetu."

"Najua, mama."

"Unajua? Na umenyamaza?"

Bi Sikudhani alimleta kaka yake, Mzee Mughwai wa Ilongero. Hakuja na ngoma wala hirizi. Abdulkadiri alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akaenda moja kwa moja kwenye tangi, akanusa.

"Ulipochota ulisemaje?"

"Sikusema."

"Na ulipofika hapa?"

"Nilisema ni ya Tanga," Abdulkadiri alijibu akitazama chini.

"Basi," mzee alisema taratibu. "Maji yarudi, na jina lirudi. Ukimwaga maji tu, mgeni atabaki alipokaribishwa. Kila kinywa kilichosema uongo kiseme kweli. Kila kinywa, umenisikia?"

"Nimekusikia, mzee."

Abdulkadiri alimwambia mkewe chumbani, mlango umefungwa. Alimweleza habari za ziwa, madumu, heroe, na lugha ile. Alitegemea kilio. Johari alikuwa akikunja kanga; aliikunja hadi mwisho.

"Nilijua," alisema. "Niliyaonja. Mimi nisijue maji ya kwetu?"

"Mbona ulinyamaza?"

"Hajira nimemwita Tongoni mpaka koo likakauka. Hata wimbi halikunijibu. Huyu aliniitikia." Aliifuta mikono yake, unga mweupe ukadondoka sakafuni. "Si yeye, Abdulkadiri. Najua si yeye. Lakini aliniitikia."

Abdulkadiri alimkumbatia, wote wawili wakalia, na katika kilio kile hakupima alichokisikia.

Baada ya alasiri waliyarudisha maji yote. Stefano aliendesha, safari hii bila utani. Ukingoni, mbele ya vijana walewale wa baiskeli, Abdulkadiri alisema kwa sauti: "Haya ni maji ya Singidani. Niliyachota bila kuaga, nikayaita ya Tanga. Nilisema uongo." Johari alikuwa na ua ndani ya bakuli. Aliinama, akaliachia. Midomo yake ilicheza, lakini upepo wa Singida ulikuwa mkali, hakuna aliyesikia alichosema. Ua liliyeyuka kama sabuni. Heroe wakaruka wote, anga likawa waridi, kisha kukawa kimya.

"Ameondoka?" Bi Sikudhani aliuliza.

Mzee Mughwai alimtazama Johari kwa muda. "Maji yameondoka," alijibu.

Nyumbani harufu ilikwisha na sakafu ikakauka. Abdulkadiri alilala kama mtu aliyetuliwa mzigo. Magharibi ya siku iliyofuata aliingia sebuleni akamkuta mkewe amesimama mbele ya tangi tupu, amempa mgongo, mikono imening'inia, na chini ya miguu yake sakafu ya saruji ilikuwa na alama nyeupe za chumvi, unyayo baada ya unyayo, zikitoka kwenye tangi na kuishia pale pale aliposimama.

"Johari," aliita.

Hakugeuka. Ndipo Abdulkadiri alipokumbuka maneno ya mzee, na kwamba vinywa vilivyodanganya katika nyumba ile vilikuwa viwili: kimoja kiliyaita maji kwa jina la uongo, na kingine, kikijua, kiliita jina la Hajira kila jioni juu ya kisichokuwa Hajira. Kilichosema kweli pale ziwani, mbele ya watu, kilikuwa kimoja.

"Johari, mke wangu."

Aliyesimama pale alimjibu kwa Kinyaturu safi, cha Ilongero, yeye ambaye kwa miaka yote ya ndoa hakuweza hata kusalimia kwa lugha hiyo.

Alisema: Mbona mnaniita jina lisilo langu?

Johari binti Abdulmajidi alifariki Jumatano alfajiri ya wiki ile, bila kuliitikia tena jina lake, akazikwa siku hiyohiyo baada ya adhuhuri, Singida mjini.