Saini ya Tatu

Hakuna aliyemwomba aoneshe mfano. Ni mdomo wake tu. Mlinzi wa lango la mahakama, ambaye wote walimwita Bwana Hapana kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza kwa kila mtu, asubuhi ile alikuwa ameshamnyang'anya wakili kikata kucha na bibi mmoja kisu cha kumenyea viazi. Bibi alipolalamika, akavuta tumbo ndani na kumjibu, "Sheria ni sheria, mama." Kisha, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na yeye hupenda kutazamwa, akatangaza kwamba watu hawajui kupita kwenye mashine ya ukaguzi, wanapita kama mbuzi wanaokimbilia zizini. Akaweka mkanda sawa, akapita mwenyewe.

Mashine ikapiga kelele.

Akarudi, akapita tena. Ikapiga tena. Ndipo alipohisi kitu cha baridi kimemlalia pajani, na goti la kulia likakataa kukunjika. Mbele ya mawakili, mashahidi na yule bibi, alilegeza mkanda akachomoa kutoka ndani ya suruali upanga mzima na ala yake. Hakuuweka yeye. Alikuwa ameuacha nyumbani, sandukuni, chini ya kufuli. Na alikuwa amekaa kitini saa nzima akinywa chai, miguu ameikunja.

Bibi alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Sheria ni sheria, baba," akasema, akanyoosha mkono kudai kisu chake.

Mkuu wa walinzi alimsomea tangazo ambalo Bwana Hapana mwenyewe ndiye aliyelibandika ukutani: mwenye kibali cha upanga ataulaza ndani ya nyumba iliyoandikwa kwenye kibali, chini ya kufuli, hataubeba njiani ila kwa barua, na uwe ndani ya ala, umeviringishwa kitambaa, umefungwa kamba mara tatu. Kosa la kwanza, onyo na siku saba bila kazi. La pili, jela. Akampa barua ya kuurudishia nyumbani, kisha akaongeza, "Wewe, kati ya watu wote," na hilo lilimuuma kuliko tangazo.

Upanga ulikuwa wa marehemu baba yake. Miezi miwili nyuma kaka yake alikuja nao umefungwa kwenye blanketi, akasema sheria mpya inataka kila upanga uwe na mmiliki mmoja, na kwamba baba alipokuwa anakata roho aliusia apewe mdogo. Bwana Hapana hajawahi kupewa kitu na baba yake, hata saa mbovu. Ndugu wengine waligawana nyumba, baiskeli na redio, yeye akagawiwa pole. Kwa hiyo siku ile katika ofisi ya vibali, kaka, skafu shingoni ingawa kulikuwa na joto, amemwekea mkono begani, macho yalimjaa machozi, na yeye anayewalazimisha watu kusoma tangazo zima kabla ya kupita lango akatia saini bila kusoma mstari hata mmoja.

Aliyegundua mwanzo kwamba mambo hayako sawa ni mkewe, fundi wa nguo anayeshonea sebuleni. Mchana mmoja alisimamisha cherehani akauliza nani ananoa kisu. Hakuna aliyekuwa ananoa. Alipokanyaga tena, akasikia tena, chini ya mlio wa cherehani, jiwe na chuma, shwaa, shwaa, kutoka chumbani lilipo sanduku. Kesho yake jora la mteja lilikutwa limekatika katikati, mikunjo yote kumi na miwili kwa mpigo mmoja, na hakuna uzi uliochomoza. Alimuuliza mumewe kama ndio ameanza kumsaidia kazi. Akacheka, ingawa hakuwa anatania.

Halafu ikaja harufu, ya chuma kilichochomwa moto na nywele zilizoungua. Kufuli likawa linakutwa wazi, na ufunguo, uliokuwa mfukoni mwa Bwana Hapana, una joto kama umetoka mkononi mwa mtu. Jumapili alijinyoosha kitini baada ya kula, akaamka nusu ya sharubu haipo. Imenyolewa safi, bila sabuni. Alijiambia amejinyoa asubuhi akasahau kumalizia, na mtu anayeweza kujidanganya kiasi hicho anastahili kulinda lango.

Lakini jioni ya siku ile ya aibu mkewe alipomfungua kola, hakukuwa na la kujidanganya. Mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, ulianzia chini ya sikio la kushoto na kuzunguka koo hadi chini ya sikio la kulia. Haukuuma wala kutoka damu. Alimshika kidevu, akaupima kwa utepe wake wa kupimia nguo. Asubuhi akapima tena, ulikuwa umeongezeka upana wa ukucha kuelekea kisogoni. Alikunja utepe polepole. "Ukikutana huko nyuma," akanong'ona, "baba watoto, itakuwaje?"

Bwana Hapana aliomba barua nyingine, akaufunga upanga kwenye lile blanketi kama sheria inavyotaka, kamba mara tatu, akaupeleka ofisi ya vibali ukayeyushwe. Karani, mwanamke aliyening'iniza miwani kwa kamba ya viatu, alimweleza kwamba serikali hupokea, ila zinatakiwa saini za mmiliki, aliyemhamishia umiliki, na shahidi aliyeshuhudia. Akafungua daftari.

Kwenye nafasi ya sababu ya kuhamisha palikuwa na mwandiko wa kaka yake, ule mwandiko uliomfundisha yeye kuandika jina lake udogoni: *Mstari umebakiza vidole viwili kukutana. Upanga umekubali kumfuata mdogo wangu.*

Chini yake saini ya kaka. Kisha saini yake mwenyewe, yenye madaha na mkia mrefu. Na kwenye nafasi ya shahidi hapakuwa na wino. Karatasi ilikuwa imechanwa, mchano mmoja ulionyooka, na alipofunua alikuta umepita kurasa zote za chini hadi kwenye jalada.

"Tulikuja wawili," alisema kwa sauti ya chini.

"Mlikuja watatu," karani akajibu, akitafuta kalamu. "Yule mrefu alikataa kukaa."

Kwa kaka yake alifika saa saba mchana. Akamkuta amelala usingizi mzito kwenye kochi, amenenepa, na ile skafu aliyoivaa hata kwenye joto imetundikwa mlangoni. Shingo ilikuwa safi, haina hata alama. Bwana Hapana alisimama pale akimsikiliza anavyokoroma, na kila mkoromo ulimwingia kama tusi, maana yeye alikuwa na wiki nane hajakoroma.

Alipomwamsha hakupiga kelele. Alifungua kola tu. Kaka akatazama mstari, akatazama sakafu, akasema angalau mdogo wake umemfikia polepole, yeye ulimkimbilia. Akasema aliutupa upanga mtoni mara mbili, mara zote mbili akaukuta kiunoni mwake akiwa sokoni, na mara zote mbili akalala mahabusu. Akasema ana watoto wadogo.

"Na mimi nina nini?" Bwana Hapana akauliza.

Kaka akavuta viatu kutoka chini ya kochi.

"Baba alisema nipewe mimi. Hilo angalau ni kweli?"

Kaka alichukua muda mrefu kuvaa viatu. Kisha, akiwa bado ameinama kwenye kamba, akasema, "Baba alisema, 'Yule mdogo msimpe. Yule nataka azeeke.'"

Bwana Hapana aliketi. Miaka yote alidhani baba hakumwachia kitu. Alikuwa ameachiwa hicho kimoja, kaka akakiuza.

Walirudi ofisini pamoja, upanga uliobaki pale umelala mezani katikati yao ndani ya blanketi, kamba mara tatu, na karani akawasogezea daftari kama anavyomsogezea kila mtu. Kaka akasaini. Bwana Hapana, safari hii, akasoma ukurasa wote mara mbili, akasaini bila mkia. Karani akavaa miwani akauliza kama shahidi, yule mrefu, amekuja. Na hapo, saa tisa kamili, jua limejaa dirishani na watu wa foleni wanalalamika nje kuhusu chakula cha mchana, ile harufu ya nywele zilizoungua ikatambaa juu ya meza, na jiwe likaanza kupita juu ya chuma ndani ya blanketi lisilotikisika, shwaa, shwaa, taratibu kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote, na kamba ya kwanza ikalegea na kuanguka, na ya pili ikaanguka, na kiti cha tatu, ambacho hakuna aliyekikalia, kikasogezwa nyuma kwa heshima kumpisha mtu asimame, hata karani, aliyeona mengi katika kazi hiyo, akaigeuza kalamu polepole, akaielekeza kwenye kile kiti na kusubiri, huku Bwana Hapana akiwa amejishika shingo kwa mikono miwili.

Kunoa kukakoma.

"Sisaini," ikasema sauti kutoka kwenye blanketi.