Mishipa Iliyokumbatia Mrija wa Nyongo

Jeli ilikuwa ya moto. Jeli ya ultrasaundi huwa baridi, wagonjwa hushtuka wakipakwa, lakini siku ile mke wa Bwana Picha alipopakwa tumboni alifumba macho akatabasamu, kama anayepapaswa na mtu anayemjua.

Bwana Picha ndiye mpiga ultrasaundi wa hospitali ile. Fundi hasa, ila wivu wake nao ulihitaji daktari. Mkewe akimsalimia muuza maziwa, nyumba haikaliki. Sasa mke macho yamegeuka manjano, na daktari mpasuaji ameshasema kama ni jiwe limeziba mrija wa nyongo, anapasua leo leo.

Kwenye skrini mrija ulionekana mnene, mweusi. Mgeni wa kazi angesema ndio huo umeziba, basi. Lakini yeye alijua mrija na mshipa hufanana mpaka uwashe rangi: nyongo hubaki nyeusi, damu inayopita huwaka nyekundu na buluu. Akawasha. Lo, karibu weusi wote ule ulikuwa damu, mishipa isiyopaswa kuwepo pale, imeuzunguka mrija na kuubana, na alipomshika mkewe mkono ikajikaza zaidi, ikajipanga kama vidole, na chumba kikanukia marashi ambayo hakuna aliyejipaka, na kwenye spika ya mashine, mle inamosikika damu ikipita, kukawa na mwanamume anahema.

"Nani huyo?" alinong'ona.

Mkewe akageuzia uso ukutani. "Yupo tangu nikiwa msichana. Haniumizi. Ila hapendi ukinigusa."

Mwenye akili zake angekimbia. Bwana Picha alishikwa na wivu. Miaka yote analinda mlango, kumbe mwenzake yumo ndani, kajilaza. Alijua fika kwamba kisu kikigusa mishipa ile, damu haizuiliki. Lakini akajiambia jini naye akikatwa atatoka, na mke atapona, atakuwa wake peke yake. Akazima rangi. Akapiga picha ya weusi mtupu, akampelekea daktari, akasema ni jiwe.

Machela ikisukumwa, mkewe alimshika shati.

"Mume wangu, wewe ndiye uliyeona. Ni salama nikatwe?"

"Ni jiwe tu," alisema, na hakumwangalia.

Akabaki nje ya mlango wa chumba cha upasuaji. Alimsikia daktari akiomba pamba, kisha pamba zaidi, kisha damu, upesi, yoyote iliyopo, na mwishowe hakusikia kitu. Alipotaka kuugonga mlango, marashi yale yakamjia puani, na mtu akamhemea sikioni, taratibu, kwa upole wa jirani anayerudisha chungu.

"Ahsante, ndugu yangu. Akiwa hai ilibidi tugawane."