Mkato Kwenye Kadi ya Kumi na Mbili

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijagongwa, Fabiola alipita shambani kuangalia mstari wa saba. Shule yao ilikuwa Bagara, mjini Babati, na nyuma ya madarasa kulikuwa na shamba la maharage.

Ilikuwa mwaka 1984. Rafu za maduka zilikuwa tupu, sabuni na sukari zilipatikana kwa foleni, na nyumba nyingi zilikula ugali wa unga wa njano wa msaada. Hata hivyo, Bibi Shamba Genoveva alipopita kuomba mbegu za kujaribu, mama yake Fabiola alimpa kibaba chake cha mwisho cha maharage mekundu. Jioni ile walikula ugali kwa chumvi, na mama hakulalamika.

Fabiola alizipanda mbegu zile kwa mkono wake kwenye mstari wa saba. Kila aina ilikuwa na mstari wake. Aina ambazo hazingeugua kutu, ule ugonjwa unaoacha vumbi la rangi ya matofali chini ya majani, na ambazo zingezaa vizuri, zingevunwa ziwe mbegu za wakulima wa Bagara na Sigino. Nyingine zingepikwa ziwe chakula cha mchana cha wanafunzi.

Ili kuchambua habari za mistari yote ile, Bibi Shamba alikuwa na sindano ndefu ya kufumia sweta, na kadi alizokata kutoka kwenye maboksi matupu ya Mama Eliakunda, mwenye duka. Kila mstari ulikuwa na kadi yake. Ukingoni mwa kila kadi kulikuwa na matundu mawili, mahali pale pale. La kwanza lilikuwa la kutu. Mwanafunzi akiona kutu, alikata kwa mkasi kutoka ukingoni hadi kwenye tundu, likabaki wazi kama mdomo. La pili lilikatwa ikiwa mstari una maganda mengi.

"Sasa tazameni," Bibi Shamba aliwaambia siku ya kuwafundisha. Alizipanga kadi pamoja, akapitisha sindano kwenye tundu la kwanza, akainua na kutikisa. Kadi zilizokatwa zilianguka mezani. Nyingine zilining'inia. "Zilizoanguka zina kutu. Sikusoma hata moja. Lakini kadi haina macho, wanangu. Inajua kile mlichokata tu."

Siku ya ukaguzi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mistari kumi na miwili ya mwanzo alipewa Hilary, mwanafunzi mwenzake. Fabiola alipewa ya mwisho, na aliporudi darasani tope lilikuwa limemfika magotini. Alimkuta Hilary ameketi, shati lake jeupe likiwa kavu, akikata kadi moja baada ya nyingine.

"Umeshamaliza?" Fabiola aliuliza.

"Mimi nina mbio."

"Mbona miguu yako mikavu?"

"Niliruka madimbwi. Wewe ukiona dimbwi unaoga."

Wenzao wakacheka. Fabiola hakucheka. Alikuwa ameiona kadi ya saba, tundu la kutu likiwa wazi.

"Mstari wa saba hauna kutu, Hilary."

"Wa kwanza unayo, nimeiona kutoka dirishani. Ugonjwa unaambukiza, hukufundishwa? Hiyo yote ni majirani."

Fabiola alitoka mbio. Alipiga magoti mvuani, akageuza majani ya mstari wa saba moja moja. Chini yake yalikuwa safi. Akamkumbuka mama yake akikung'uta kile kibaba hadi punje ya mwisho, na hasira ikampanda mpaka masikio yakawa ya moto. Boksi likishakatwa halishoneki. Maharage ya mama yangeishia sufuriani kwa sababu ya mtu aliyeogopa tope.

Aliporudi, wenzake walikuwa wametoka. Mkasi ulikuwa mezani. Kadi ya kumi na mbili ilikuwa ya maharage meusi ya Mzee Marseli, babu yake Hilary, na haikuwa imekatwa tundu la kutu. Fabiola aliikata. "Na yeye aone," alisema peke yake.

Kesho yake Bibi Shamba alipitisha sindano mbele ya darasa, akatikisa, akazisoma kadi zilizoanguka. Alizisoma tena. Kisha akaiweka sindano chini taratibu mno.

"Mlipokuwa likizo," alisema, "nilipanda baadhi ya mbegu mara ya pili upande wa chini, wala sikumwambia mtu. Mbegu ya mstari wa saba ipo kule chini. Ya kumi na mbili pia ipo. Mbegu moja, udongo mmoja, mvua moja. Kule chini ni nzima, huku juu kadi zinasema zina kutu. Nani amenidanganya?"

Mwalimu Damasi, aliyesimama mlangoni, aliingia na fimbo. "Mistari hiyo ni ya Hilary. Njoo mbele."

Hilary alikwenda. "Ya saba ni mimi, Mwalimu. Sikwenda shambani. Lakini ya kumi na mbili sikuikata. Ni ya babu yangu."

"Aliyedanganya ya saba atashindwaje kudanganya ya kumi na mbili? Nyosha mkono."

Fabiola alitazama ule mkono ukinyooka. Jana angelipenda kuuona hivyo.

"Mwalimu, ya kumi na mbili niliikata mimi," alisema, akasimama. "Alikuwa ameua maharage ya mama yangu bila kuyatazama. Nilikasirika. Hata sasa nimekasirika."

Bibi Shamba alimgeukia Hilary. "Na wewe, kwa nini hukwenda?"

"Nina shati hili moja tu, Bibi Shamba. Nyumbani hatuna sabuni tangu Pasaka. Wiki iliyopita nilichapwa gwarideni kwa sababu ya tope."

Mwalimu Damasi alikumbuka. Aliitazama fimbo kama mtu aliyeshika kitu kisicho chake, akaisimamisha kwenye kona.

Lakini hasira ya Bibi Shamba haikupoa. Alilisukuma lile rundo la kadi mpaka ukingo wa meza. "Nimekuta mbili za uongo, sasa siwezi kuamini hata moja. Wakulima wangepanda uongo wenu, na njaa isingewauliza nani alimkosea nani. Tunaanza upya, leo. Kila mstari watu wawili. Na hakuna atakayekagua mstari wa kwao."

"Hata mimi?" Fabiola aliuliza. "Nani atakagua wa saba?"

"Hilary."

Fabiola aliuma mdomo.

Mama Eliakunda alitoa maboksi mengine, tena akayabeba mwenyewe kichwani, akiwa ameyafunika kwa khanga yake yasilowe. Mwalimu Damasi alimpa Hilary koti lake kuukuu la shambani, akavua viatu, akakunja suruali. "Wiki hii hakuna ukaguzi wa sare," alisema, akaingia topeni wa kwanza.

Fabiola aligeuza majani ya mstari wa kumi na mbili, jicho moja likiwa kwenye mstari wa saba. Hilary alikuwa amepiga magoti, akiinua kila jani kwa vidole viwili kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Alikwenda hadi mwisho wa mstari, akarudi, akahesabu maganda.

Mchana sindano ilipita tena. Kadi ya saba na ya kumi na mbili zote zilining'inia. Bibi Shamba akapitisha sindano kwenye tundu la pili la kadi zilizobaki, akatikisa. Ya saba ilianguka, nzima na yenye kuzaa. Ya kumi na mbili haikuanguka. Maganda yake yalikuwa machache.

"Ya babu inaenda sufuriani," Hilary alisema kwa uchungu. "Atanisema mpaka Krismasi."

Fabiola alitaka kufurahi, lakini furaha haikuja yote. "Maganda niliyahesabu vizuri, Hilary. Twende wote kwa babu yako, nitamwambia mwenyewe."

Bibi Shamba aliwasikia. Aliwaita, akawashika mabega kwa mikono yake yenye tope.

"Fabiola, hasira yako ilikuwa ya haki, lakini mkasi wako haukuwa wa haki. Ungeniletea hasira hiyo ikiwa nzima, tungekwenda shambani pamoja. Hilary, shida yako ilikuwa ya kweli, nasi wakubwa tulipaswa kuiona. Lakini ulipoificha ukakisia, ukamtwisha mwenzako. Mtu akikuonea, useme. Ukishindwa kazi, useme. Lakini kile ambacho macho yako hayajakiona, usikikate kamwe."