Mistari Minne ya Rutambiro

Kila alasiri basi la shule lilimshusha Gaju karibu na maghorofa yao huko Highview, katika mji wa Louisville, Marekani. Aliosha vyombo, akabandika wali, kisha akafungua madaftari huku akimngoja baba yake, Rudasingwa, atoke kazini ghalani.

Majira ya baridi ya mwaka 2015, mwalimu wa historia aliwafundisha jinsi historia za wafalme wa China ya kale zilivyotungwa. Makarani waliandika kila siku yaliyotendeka ikulu. Ukoo wa kifalme ulipoanguka, ukoo uliofuata uliteua wasomi wazikusanye kumbukumbu hizo, wazilinganishe na kuandika historia ya walioanguka. Mwalimu akawaagiza wanafunzi nao waandike historia ya mahali palipotoweka.

Gaju alichagua Rutambiro, kijiji cha baba yake katika milima ya Kivu Kusini, kilichochomwa wakati wa vita. Aliyebaki akikijua vizuri alikuwa Nyanya Bamurange, shangazi wa baba yake, aliyeishi mji wa mbali wa Buffalo. Baba alimhimiza ampigie simu. Gaju akasema kesho, na kesho yake tena kesho. Siku ya mwisho alijaza kurasa tatu za koo na majina ya kubuni, na darasani akasifiwa.

Juma lililofuata Nyanya Bamurange alifariki. Rudasingwa alizitia kurasa zile mfukoni ili azisome mazikoni. Njiani kwenda Buffalo, waliposimama mjini Columbus kujaza mafuta, Gaju alishindwa kuvumilia.

"Baba, usizisome. Sikumpigia nyanya. Niliyatunga."

Baba alishika usukani.

"Bon, haya," alisema. "Mimi nilitoka kule mtoto mdogo. Nakumbuka mto na kanisa. Mengine yote alikuwa nayo yeye."

Buffalo, theluji ikidondoka kaburini, baba alisema maneno machache aliyoyajua mwenyewe, akaketi. Watu walingoja aendelee.

Waliporudi, Gaju alimweleza mwalimu ukweli, akafutiwa alama. Akaandika upya yale tu baba aliyoyakumbuka, akapata mistari minne. Alimuuliza baba ni nani mwingine wa kuulizwa.

"Hakuna," baba alijibu. "Acha hivyo, na chini uandike kwamba hatujui. Uongo ukishaandikwa, watoto wako watauita historia yao. Na mzee, mwanangu, huulizwa angali hai."