Mpishi Aliyeingia Jiko la Mama Mkwe

Soko zima la Makambako liliacha kununua likageuka kutazama, maana kulikuwa na kijana anayeyaogesha mayai ya watu hadharani.

Ilikuwa mwaka ule boma lilipopambwa bendera kwa ajili ya Malkia mpya. Malori ya kwenda Iringa na ya kwenda Mbeya yalikuwa yamesimama njia panda yakipoza injini, na wauzaji wamejipanga kandokando yake, mabega yamefunikwa vitenge kwa sababu ya upepo. Tarsis, mpishi wa Bwana Misitu wa Njombe, alikuwa ndani ya koti zito alilorithi kwa bwana wake. Bwana alikuwa mrefu, Tarsis hakuwa, kwa hiyo kila alipotaka kushika kitu ilimbidi kwanza aitafute mikono yake. Siku hiyo aliipata. Akachukua yai kwenye kikapu cha msichana mmoja, akalitumbukiza ndani ya ndoo ya maji.

"Wee kaka! Yamekuambia hayajaoga?"

"Nayapima, dada. Zima huzama, viza huelea."

"Kwangu hakuna viza. Kama unalitafuta, angalia ndani ya hilo koti."

Watu wakacheka. Hata Filemoni, dereva aliyemleta, alicheka mpaka akashika usukani. Tarsis akainua macho, na hapo akachelewa kuyashusha. Msichana alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, na mshono wake ulionyesha kuwa aliyelishona anajipenda. Jina lake Dorkasi, binti wa mzee Nikodemo, mzee wa kanisa la Kilutheri.

Mayai yote kumi na mawili yakazama.

"Haya, nimeshindwa," alisema Tarsis. "Niambie, wewe unayapenda ya kuchemsha au ya kukaanga?"

"Nani, mimi? Kwetu msichana hali mayai. Bibi anasema ukila huzai."

"Kumbe unauza kitu usichokijua hata ladha! Njoo Njombe nikuonjeshe."

"Njombe nina shangazi. Na shangazi ana macho."

"Mlete. Mkate utatosha watatu."

Shangazi hakuletwa. Alikuwa fundi cherehani, anaitwa Letisia, na Dorkasi alikwenda kwake mwezi uliofuata kujifunza kukata suruali. Jumamosi ya kwanza alitumwa kununua uzi. Uzi ulimpeleka mpaka nyuma ya nyumba ya Bwana Misitu, kwenye chumba cha mpishi.

Nje ukungu ulikuwa umelala juu ya miti ya miwati kama haukusudii kuamka. Ndani kuni zilikuwa zinawaka. Tarsis alikunja mikono ya koti mara tatu, akakata vipande vya mkate.

"Huu si wa jana?" Dorkasi aliuliza.

"Lazima uwe wa jana. Wa leo ukinywa maziwa unakatika. Sasa tazama: mayai mawili, maziwa nusu kikombe, sukari kijiko. Na huu."

Alifungua kikaratasi. Mdalasini, aliouponda mwenyewe, ukanukia chumba kizima. Akapiga mchanganyiko kwa uma, akachovya kipande upande huu, akakigeuza upande wa pili, akakiinua kabla hakijalegea. Siagi ilipoanza kulia kwenye kikaango, akakilaza. Kingo zikawa za dhahabu, sukari ikaanza kushika rangi, na Dorkasi akasahau kuwa ana shangazi.

Alikitazama kipande kwenye sahani kwa muda mrefu kidogo.

"Nikikosa watoto nitakushitaki bomani."

"Ukikosa wewe na mimi nitakuwa nimekosa. Tutakwenda bomani pamoja."

Dorkasi alielewa. Alikula, akalamba kidole, akaomba kingine ili asijibu.

Tangu siku hiyo walikuwa wachumba. Simu ilikuwapo Njombe, lakini ilikuwa ya Serikali, na Serikali haikuwa na mchumba Makambako. Kwa hiyo barua zao zilisafiri mfukoni mwa Filemoni. "Dada Mayai wangu," aliandika mmoja. "Koti langu," alijibu mwingine. Filemoni alilalamika kuwa lori limeanza kunuka mdalasini.

Mzee Nikodemo hakulalamika. Alinyamaza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mambo mawili yalikuwa yamemkwama: kwanza kijana ni Mkatoliki, tena aliyelelewa na mapadre tangu alipofiwa na wazazi akiwa mdogo, pili, kazi yake ni kupika. Mshenga, mzee Yosefu, alikwenda mara tano. Mara ya tano Nikodemo akasema, "Aje alale siku mbili, nimwone."

Dorkasi akaandika barua upesi: "Njoo na mdalasini. Baba akionja ule mkate atasahau rozari yako. Alfajiri mama huenda mtoni. Mimi nitaleta kuni, wewe ingia jikoni upike. Usiogope, mpenzi, nakuambia mimi."

Hapo Tarsis alikuwa na sababu ya kuogopa. Kwa Wabena mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Na jiko la mama mkwe ndipo mahali ambapo mkwe hatii mguu kabisa. Tarsis alilijua hilo kama mtu anavyojua sheria ya nchi nyingine, maana hakukulia kwa mama wala bibi. Alikulia jikoni kwa mapadre. Kwake jiko lilikuwa mahali pa kazi. Isitoshe, binti wa nyumba si alikuwa ameshamwita?

Basi alfajiri ya kwanza pale kwa mzee aliingia. Alichovya, aligeuza, alikaanga. Vipande sita vilikuwa vimeiva vizuri kuliko siku zote, cha saba kiko kikaangoni, ndipo mama yake Dorkasi aliporudi kuchukua ngata aliyoisahau.

Alimkuta mkwe wake amesimama kwenye mafiga yake, kikaango chake mkononi. Mama hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa kitenge, akageuka, akaenda kuketi nyuma ya ghala akiangalia ukuta, na hakuna aliyeweza kumwinua.

Mzee Nikodemo alikuja na shuka begani. Dorkasi naye akafika, mzigo wa kuni kichwani.

"Kijana," alisema mzee polepole, "sitaki kukosea. Kama mtu wa nyumba hii amekuita humu, kosa ni letu. Nitachinja mbuzi, mama yenu atanawa uso, yataisha. Kama umejiingiza mwenyewe, basi huna adabu, na binti sikupi. Nani amekuita?"

Tarsis alimtazama Dorkasi. Barua ilikuwa ndani ya koti, upande wa moyo. Aliihisi ile karatasi. Hakuigusa; alitaka neno litoke kwa mwenyewe.

"Dorkasi," mzee akageuka. "Unalijua jambo hili?"

Dorkasi aliuweka sawa mzigo wa kuni kichwani. Kule nyuma ya ghala mama alikuwa amegeuza sikio.

"Sijui, baba."

Kipande cha saba kikaungua. Vile sita walivila kuku, na kuku, tofauti na wasichana, hawakuambiwa chochote kuhusu kuzaa.

Wiki tatu zilipita bila barua. Kisha Dorkasi akatokea mlango wa nyuma wa Bwana Misitu, viatu vina matope, macho mekundu. Tarsis alikuwa anafunga vyombo ndani ya masanduku kwa nyasi.

"Unahama?"

"Bwana amehamishiwa Lushoto. Anataka niende naye. Pole na safari, kaa."

"Usiniambie kaa kama mgeni! Nitukane kwanza."

"Sina tusi, Dorka. Umemwambia baba?"

Dorkasi akaanza kukwangua matope ya viatu kwa kijiti.

"Kwa nini hukuitoa barua?" aliuliza Dorkasi mwishowe. "Ungeitoa tu, ningepigwa, yangekwisha!"

"Nikuumbue mbele ya baba yako ndipo nikuoe?"

"Sasa tutoroke. Lori la Filemoni lipo. Tutafungia ndoa bomani Iringa."

"Nikitoroka na wewe nitakuwa kweli yule mtu ambaye baba yako anamsema. Mpenzi, mimi sina ukoo wa kunisemea. Nina jina tu. Wewe una neno moja la kulirudisha. Mwambie: 'Mimi ndiye niliyemwita.'"

"Mama hatanitazama tena."

"Mimi hanitazami hata sasa."

Dorkasi alitaka kucheka, akalia. Tarsis alimfuta machozi kwa ncha ya mkono wa koti. Kwa mara ya kwanza urefu wake ulifaa kitu.

"Ijumaa saa nne tutapita Makambako," alisema. "Ukiwa umemwambia, nitashuka na sanduku langu, Bwana atafute mpishi mwingine. Usipomwambia, nitaendelea na safari. Unasikia, Dada Mayai?"

"Nasikia, Koti langu. Nitamwambia. Haki ya Mungu."

Na alikusudia. Usiku na mchana alilipanga lile neno, akalifikisha mpaka menoni.

Ijumaa lori lilipunguza mwendo njia panda, na Tarsis, aliyekaa juu ya masanduku, akaona kitu kilichomfanya asimame wima. Dorkasi alikuwa pale, amevaa gauni jeupe alilolishona kwa sherehe ambayo haikuwa imepangiwa siku. Na kando yake alisimama mzee Nikodemo mwenyewe, kofia mkononi.

Tarsis aliruka chini na sanduku lake.

"Kamwene, mzee!"

"Kamwene, kijana." Mzee alimpa mkono, akamshika kwa mikono yake yote miwili. "Sikutaka uende na kinyongo. Binti yangu amelia wiki nzima, amenipigia magoti. Amesema hukulelewa na wazazi, hukufundishwa adabu za watu, nikuhurumie. Nami nimemsikia. Nimekusamehe. Lete mbuzi mmoja na blanketi la mama yake, uungame mbele ya wazee kuwa ulijiingiza, na harusi tutaipanga."

Nyuma ya bega la baba yake, Dorkasi alikuwa anatabasamu. Aliona ameokoa kila kitu. Alikuwa anasubiri kupongezwa.

Tarsis aliutazama mkono wake ndani ya mikono ya mzee. Akautoa taratibu.

"Asante sana, mzee. Mama umsalimie."

Akalitupa sanduku juu ya lori, akapanda nyuma yake.

"Tarsi! Unakwenda wapi? Si umeshasamehewa?"

"Ndiyo, Dorka. Nimesamehewa. Ndiyo maana naondoka."

Filemoni alikawia kutia gia. Alihesabu kumi kimoyomoyo, akimpa msichana nafasi. Dorkasi alimgeukia baba yake, akafungua mdomo, akamwona anavyomwangalia kwa upole, akaufunga.

Lori likaondoka.

"Ana kiburi," alisema mzee Nikodemo akivaa kofia. "Mungu amekuepusha. Twende, mama yako anasubiri."

Akatangulia. Dorkasi akamfuata hatua kumi nyuma, ameinua pindo la gauni jeupe lisiguse vumbi, na wanawake wa sokoni wakampisha kama mtu anayetoka msibani.