Waliokuja na Mwenzangu

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa kitunguu. Irene, mdogo wa marehemu mke wangu, alikuwa jikoni kwangu hapa Takoma Park, ughaibuni, akimenya ndizi za mtori. Aliniambia bila kugeuka:

"Shem, ukirudi na dada pitia dukani ulete kitunguu. Hiki kimeoza moyo."

Alisema "ukirudi na dada" kana kwamba naenda kumpokea kituoni. Tulicheka kidogo, sote wawili. Kisha nikavaa koti.

Leokadia, mke wangu, alifariki Oktoba. Alikuwa anatoka kazini, moyo ukasimama, akaanguka kwenye njia ya miguu kando ya reli, karibu kabisa na nyumbani. Mwili tuliusafirisha ukazikwa kwao Kibosho. Lakini mama yake hakupata usingizi. Kila alfajiri alimwona mwanawe amesimama nje ya uzio, analowa mvua, haingii. Wazee wa ukoo wakasema tumezika mwili, mwenyewe tumemwacha alipoangukia. Mume aende pale jua likizama, aokote jiwe moja, alifunge kwa kitambaa cheupe, amwite kwa majina yake yote, la ubatizo na la ukoo, amwambie waende nyumbani. Asigeuke nyuma. Irene angesafiri na jiwe hilo kesho yake asubuhi.

Nimesomea kemia. Sikuamini, wala sikubisha. Nilitaka tu yule mama alale, na Leokadia asiwe peke yake kwenye baridi.

Kando ya reli hapakuwa na mtu. Niliinama nikaokota jiwe jeusi. Lilikuwa na joto, na tulikuwa Desemba. Nikalifunga kwa kitambaa, nikafungua mdomo kutaja jina.

Halikutoka.

Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumwita Leokadia. Nilimwita mwenzangu, naye aliniita hivyo hivyo. Giza lilikuwa linaingia. Nikasema nilichozoea.

"Mwenzangu, twende nyumbani."

Kokoto zikasogea. Si miguuni pangu tu... Zilisogea kufuata reli, hadi kule inakopinda.

Sikugeuka.

Dukani, mama wa Kikongo anayenijua alinipa kitunguu huku amejiziba pua kwa kitenge.

"Papa, unabeba nini?" aliuliza kwa upole. "Inanuka sawa vile kuku wa kunyonyoa na maji moto."

Alikuwa sahihi. Nywele zilizolowa, nyama iliyochemka na ngozi yake, grisi, moshi wa makaa ya mawe. Kunusa si kama kuona. Ukinusa kitu, chembe zake zimekwisha kuingia ndani yako. Nilitema mate njiani, nikajikuta nameza mengine.

Nilipoingia nyumbani nilifunga mlango. Ukafunguka tena nyuma yangu. Ulichelewa kujifunga, kama mlango wa kanisa watu wanapoingia wengi.

Irene aliweka kisu chini.

"Shem," alinong'ona. "Umekuja na nani?"

"Na dada yako."

"Na nani mwingine?"

Nilitazama kitasa. Kilikuwa na utando mweupe, kama ule wa maziwa yaliyochemka. Niliugusa. Ulikuwa na vinyweleo.

Bafuni maji yakaanza kumwagika. Leokadia alikuwa akirudi kutoka kazini, kwa wazee aliowahudumia, hasalimu mtu kabla ya kunawa. Moyo wangu ulikimbilia huko kabla ya miguu, lakini Irene alinishika mkono. Alikuwa anatafuta kitu kwenye simu yake. Alikipata, akasoma moyoni, kisha akaniambia kwa sauti ya chini.

"Treni za mvuke ziligongana hapa karibu. Zaidi ya miaka mia iliyopita. Watu waliokotwa vipande, Shem. Vingine havikupata mwenyewe. Wakavipanga kwa kukisia." Akainua macho. "Ulimwita kwa majina?"

"Nilisema mwenzangu."

Aliiweka simu mezani.

"Na wale walikuwa na wenzao," alisema.

Niliingia bafuni peke yangu. Taa haikuwaka. Mvuke ulikuwa mzito, wenye mafuta, unaganda midomoni. Mkono ukanishika. Kidole gumba kikanikuna kiganja mara mbili, kama alivyonikuna kanisani mahubiri yakirefuka.

Ulikuwa mkono wake.

Nilipapasa kwenda juu. Ngozi ilihama pamoja na vidole vyangu, kama soksi iliyolowa. Kiwiko hakikuwa chake. Kilikuwa kinene, chenye vinyweleo vigumu vya mwanamume. Bega lilikuwa la mtoto.

Nilitapika kwenye sinki. Kitu kikanisugua mgongo, taratibu, kwa upendo... kwa mikono zaidi ya miwili.

"Mwenzangu, nimechoka," ilisema sauti yake sikioni pangu. Na mdomo ule ule, bila kuvuta pumzi, ukaendelea kwa sauti ya mzee, kwa Kiingereza, kuuliza kama hapa ndipo kituoni.

Irene alikuwa nje ya mlango.

"Rudisha jiwe, Shem. Sasa hivi."

"Na yeye yumo."

"Nimemsikia. Rudisha."

"Nikiwarudisha wao, namrudisha na yeye."

Nilimsikia akiteleza na ukuta hadi akakaa sakafuni.

"Siwezi kumpelekea Mama hao," alisema baadaye. "Atafungua mlango. Unamjua Mama. Atawafungulia wote."

Mtori hatukuula. Ulikuwa na nyama.

Alfajiri teksi ilikuja. Irene alisimama mlangoni na sanduku lake, bila jiwe. Hakunikumbatia, aligeuza uso pembeni, mbali na nguo zangu, kisha akaona haya kwa kuugeuza.

"Nimwambie nini Mama?"

"Mwambie bado namtafuta."

"Atamwona pale nje kila siku."

"Najua."

"Shem, huyo ni dada yangu."

"Najua, Irene."

Teksi ilipoondoka nilijaza maji ya vuguvugu kwenye beseni, nikachukua sabuni na taulo laini, nikaingia bafuni. Nilipumua kwa mdomo. Nikaanza na mkono niliokuwa naujua, kidole kwa kidole, chini ya kucha, katikati ya vidole. Ngozi iliyobanduka niliiweka pembeni. Ulipotakata nilitaka kuishia hapo.

Haukuachana na viungo vya wengine.

Nikabadilisha maji, nikaendelea na kiwiko.