Bado Kilomita Tisa

Mjomba wangu ni dereva wa gari la mikate. Mwaka wa ishirini na sita sasa, kila alfajiri anapakia kiwandani, anasambaza madukani, na jioni anarudi kwake na gari hilohilo likinukia hamira. Barabara za mji huu anazijua kama anavyojua meno yake. Ndiyo maana madereva wenzake walimbandika jina la Ramani, na jina likamganda.

Leo ukipanda gari lake utacheka. Kutoka duka la mtaani hadi kwake, mwendo wa dakika tano, anawasha ramani ya simu. Anachagua "Nyumbani", anaiegesha simu mbele yake, anasubiri yule dada wa kwenye simu aanze kusema, ndipo anaondoa gari. Akiambiwa pinda kulia, anapinda kulia. Akiambiwa nenda moja kwa moja, hageuzi hata shingo. Wenzake hawamwachi. "Ramani naye anatafutiwa njia ya kwake! Kesho atatafutiwa njia ya chooni!" Anatabasamu tu.

Mimi sababu naijua. Siku ile ilipotokea, mama yangu alikuwa ndani ya gari.

Ilikuwa siku ya kazi ya kawaida kabisa. Mama ni fundi wa mapazia, na alikuwa amemaliza kushona ya nyumbani kwa kaka yake: kitambaa cha kijani kibichi chenye vishada vya rangi ya dhahabu. Mke wa mjomba alikuwa ameyasubiri muda mrefu, na kila akipiga simu alianza na hilo kabla hata ya salamu. Basi mama akampigia kaka yake ampitie akitoka kazini. Mjomba akafika karibu saa kumi kasoro. Mfuko wa mapazia wakauweka nyuma, juu ya kreti tupu za mikate, wakaondoka.

Wakati huo kiwanda kilikuwa kimetoka kuwagawia madereva simu zenye ramani. Msimamizi alitaka ziwashwe muda wote, gari likiwa njiani, hata kama dereva anarudi kwake. Mjomba aliona kama ametukanwa.

"Nina umri wa kumzaa huyu binti," alimwambia mama, akiionyesha simu kwa kidevu. "Halafu ananielekeza kwangu."

"Mpunguzie sauti basi, kaka. Tuongee."

Akapunguza. Wakaongea ya kwao: magoti ya mama, watoto wa mjomba walioko shule za bweni, fundi bomba aliyechukua wiki mbili kuziba tundu moja. Jua lilikuwa bado kali. Barabara ilikuwa nyeupe, magari machache.

Kituo cha mafuta kikatokea upande wa kushoto. Kona ya kwa mjomba iko hapohapo, baada tu ya ukuta wa kituo. Mjomba akawasha taa ya kushoto.

"Nenda moja kwa moja," simu ikasema kwa sauti ndogo.

"Nenda wewe," mjomba akaijibu, akapinda kushoto.

Mama akacheka. Simu ikanyamaza kidogo, kisha ikasema, "Geuza gari inapowezekana." Baada ya nyumba tatu nne ikasema tena. Na tena. Mjomba akaona ni mtandao, akaendelea na hadithi ya fundi bomba.

Kila kitu kilikuwa mahali pake. Banda la fundi baiskeli lilikuwepo na ringi zake zimening'inia. Tangi la maji la jirani lilikuwepo juu ya nguzo zake, limeegemea upande uleule. Tuta lililovunjika lilikuwepo, na mjomba alilikwepa kwa mazoea, mkono wenyewe. Alichokuja kukiwaza baadaye ni kwamba kwenye banda hakuwepo fundi. Wala barabarani hakuwepo mtu. Wala hakusikia kuku, mtoto, au redio ya mtu.

Akasimama mbele ya geti lake la buluu. Mkwaruzo alioutia mwenyewe miaka miwili kabla, akirudi nyuma bila kuangalia, ulikuwepo pale chini kulia.

"Leo umepaa," mama akasema. "Tumefika mara moja hii?"

Mjomba akaangalia saa ya simu. Saa kumi na dakika kumi na mbili. Kweli walikuwa wamewahi. Chini ya saa, kwa maandishi madogo, ramani ilikuwa imeandika: Nyumbani, kilomita tisa, dakika kumi na nne.

Geti likafunguka. Mke wa mjomba alikuwa amesimama ndani, amevaa gauni lake la nyumbani, kitambaa kichwani, mikono imelowa kama mtu aliyetoka kuosha vyombo.

"Wifi! Karibu, wifi yangu. Ingia."

Mama akateremka, akauacha mlango wa gari wazi, akaenda. Alisema atarudi kuchukua mfuko. Mjomba alibaki akiikodolea simu macho. Aliigonga gonga kwa kidole kama mtu anayegonga saa iliyosimama.

"Geuza gari inapowezekana," ikasema.

"Zima hiyo simu," mkewe akasema kutoka getini. Alikuwa amempitisha mama, sasa amebaki peke yake pale, vidole vya miguu vimekoma kwenye mstari ambapo saruji ya uani inakutana na barabara. "Umeshafika. Zima na gari, uingie."

Sauti ilikuwa ya mkewe. Uso ulikuwa wa mkewe. Mjomba akashika funguo ili azime gari, na kwa kuinua macho tu, akaiona nyumba.

Madirishani palikuwa na mapazia.

Ya kijani kibichi. Yenye vishada vya dhahabu.

Akageuka nyuma taratibu. Mfuko wa mama ulikuwa juu ya kreti, umefungwa kwa kamba vilevile kama alivyoufunga. Akanyoosha mkono, akapenyeza vidole, akagusa kitambaa. Mapazia yalikuwemo ndani.

Mjomba ananiambia kwamba hapo hakupiga kelele. Akaacha funguo. Gari likabaki linanguruma. Bila kuyatoa macho kwa yule mwanamke getini, akabonyeza namba ya mkewe.

Ikaita mara moja. Mara mbili. Yule mwanamke hakuingiza mkono mfukoni, hakugeuka kusikiliza simu ndani. Alikuwa anamtazama tu.

"Mko wapi nyie?" mke wa mjomba akasema simuni. Nyuma yake kulikuwa na kishindo cha mvua kwenye bati. "Chai inapoa. Na hii mvua, mmekwama?"

Juu ya gari la mjomba jua lilikuwa linawaka.

"Uko wapi?" mjomba akanong'ona.

"Niwe wapi? Niko jikoni. Kuna nini? Mbona unaongea hivyo?"

"Sikiliza. Usiniulize kitu. Nakuweka kwenye spika. Mwite dada yangu, mwambie atoke nje. Mwite kwa nguvu."

"Nimwite vipi? Si uko naye?"

"Mwite!"

Akabonyeza spika, akaongeza sauti hadi mwisho, akaishikilia simu nje ya dirisha.

Hapa lazima niweke maneno ya mama, kwa sababu mjomba hakuingia ndani. Mama aliyasema mara moja tu, na tangu hapo ukimwuliza anatoka chumbani.

Anasema alipoingia, wifi yake alimkaribisha kiti kifupi cha jikoni, ingawa mjomba anaapa kwamba wakati huo yule mwanamke alikuwa bado getini. Wifi yake akamwambia, "Nywele zako zimekuwa msitu, wifi. Kaa nikusuke kidogo wakati kaka yako anaegesha gari." Mama akaona ni jambo jema. Akavua kilemba. Wifi yake akakaa nyuma yake, akaanza kusuka. Mkono ulikuwa mwepesi, haukuuma hata kidogo. Mama alijaribu kuongea naye, akawa anajibiwa "mm" tu. Alikaa. Alikaa sana. Miguu ikafa ganzi. Alijiuliza kaka yake anaegesha gari gani hilo lisiloisha, lakini usingizi ulikuwa umemjaa machoni na hakupata nguvu ya kusimama.

Ndipo akasikia kutoka nje, kwa mbali, sauti ya wifi yake ikipaza, "Wifi! Wifi, toka nje!"

Ile mikono kichwani mwake ikasimama.

Haikuondoka. Ilisimama tu, vidole vikiwa ndani ya nywele.

Sauti ya nje ikaita tena. Mama hakugeuka. Anasema kama angegeuka asingetoka. Alijinyofoa, akasikia nywele zikikatika, akakimbia akipepesuka kwa ganzi, akaivuka sebule, akauvuka ua. Getini hakukuwa na mtu. Akajitupa garini na mlango ukiwa wazi, na mjomba akarudi nyuma kwa nguvu hata kreti zikaanguka.

"Umechelewa nini?" mama alikuwa analia. "Saa nzima umeniacha mle!"

Mjomba akaangalia simu. Saa kumi na dakika kumi na tano.

Alipoliweka gari sawa, akatupa jicho kwenye kioo. Yule mwanamke alikuwa amerudi getini. Alikuwa ameinua mikono usawa wa kifua, vidole vinacheza hewani, vinapishana, vinapishana. Hakupaza sauti. Hata hivyo wote wawili walimsikia kama amekaa kiti cha nyuma.

"Sijamaliza."

Simu ikasema, "Baada ya mita mia mbili, pinda kushoto." Mjomba akapinda kushoto. Ikasema nenda moja kwa moja, akaenda. Hakutazama banda, wala tangi, wala ukuta. Alitazama kile kimstari cha buluu kwenye kioo cha simu, na mkewe hakukata simu, alikuwa anawasemesha njia nzima bila kujua anawasemesha kwa ajili ya nini. Kilomita saba. Kilomita tano. Kwenye ya nne, tone la kwanza la mvua likapiga kioo, na mjomba mwenyewe anakiri kwamba hapo alilia.

Walipita kituo cha mafuta kwa mara ya pili. Kona ilikuwa palepale baada ya ukuta. Safari hii simu ikasema pinda.

Mke wa mjomba aliwapokea na mwavuli. Madirisha yake hayakuwa na pazia lolote. Alianza kuwagombeza, kisha akakiona kichwa cha mama, akamshika mkono akamwingiza ndani.

Nusu ya kichwa, upande wa kulia, ilikuwa imesukwa. Mistari kumi na mmoja, midogo, iliyonyooka. Upande wa kushoto nywele zilikuwa timtim kama zilivyotoka nyumbani.

Wakamkalisha karibu na taa. Mke wa mjomba akashika msuko mmoja, akaufuata kwa kidole hadi mwisho, mahali nywele zinapofungwa. Akaachia kama ameungua.

"Hivi ninavyofunga mimi," akasema polepole. "Hakuna mwingine anayefunga hivi. Nilijifunza kwa marehemu mama, na sikumfundisha mtu." Akaitazama mikono yake mwenyewe. "Huu ni mkono wangu. Lakini mimi sijakusuka."

Aliifumua usiku huohuo, yote kumi na mmoja, mjomba akizichoma jikoni zile nywele zilizokatika. Asubuhi mjomba akarudi na dereva mwenzake kuitafuta ile kona. Kwenye kilomita tisa kabla ya kwake hakuna kituo cha mafuta wala mtaa. Kuna uwanja wa majani marefu na mtaro mpana usiovukika kwa gari. Ng'ambo ya mtaro, majani yalikuwa yamelala mistari miwili, upana wa matairi. Mwenzake alitaka kuruka akaone. Mjomba alimshika shati.

Mapazia yalirudi kwetu. Mke wa mjomba hakutaka hata kuyafungua, na mama akayakata akashonea mito ya wateja.

Hayo yana miaka mitatu. Sikuwahi kuyaandika, kwa sababu niliona ni mambo ya wakubwa, na yameisha. Ila mwezi uliopita mama alinifungia mlango, akavua kilemba, akanipa wembe. Akaniomba nimnyoe nyuma ya sikio la kulia, mahali asipopaona. Alisema pamekuwa panamwasha.

Nikainama nikaangalia. Nywele zake zilikuwa fupi sana, zimetoka kunyolewa wiki mbili nyuma. Urefu wa punje ya mchele. Hakuna kidole cha mtu kinachoweza kushika nywele fupi vile. Lakini pale nyuma ya sikio, kuanzia kwenye ngozi yenyewe, zilikuwa zimeota zimesukwa. Mstari mmoja, umenyooka.

Nikanyoa. Sikumwambia nilichokiona, naye hakuniuliza.

Jumapili iliyopita aliniita tena, akanipa wembe, akageuza kichwa. Niliwasha taa, nikahesabu mara mbili ili nisijidanganye.

Sasa ipo mitatu.